Kufuli la Chumba cha Majoho

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia kwa wahadhiri mpaka kwa walinzi wa geti alikuwa Mama Hotpoti, na mwenyewe alikwisha kuacha kugombana na jina hilo, kwa kuwa alilipata kwa haki. Alikuwa afisa ununuzi. Kila kiti, kila balbu na kila dumu la sabuni lililoingia chuoni lilipita kwanza mikononi mwake. Alikuwa na desturi moja ambayo wafanyabiashara wa mji ule waliiogopa kuliko watu wa kodi. Kabla chuo hakijampa mtu kazi, yeye alikwenda mahali kazi inapofanyika, bila taarifa, saa ya chakula cha mchana, hotpoti yake ya bluu mkononi. Hakutafuta ofisi ya mwenye mali. Alikwenda moja kwa moja walipo wafanyakazi, akaketi wanapoketi, akafunua chakula chake, akala nao.

"Mtu akitafuna hana nafasi ya kutunga uongo," alikuwa akisema.

Kwa njia hiyo aligundua mengi ambayo hayaandikwi kwenye barua za kuomba kazi. Aliona karakana ya seremala ambamo mafundi walikula huku mvuke wa vanishi ukiwachoma macho, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kukaa. Aliikuta kampuni ya usafi iliyowalazimisha akina mama wajinunulie glavu wenyewe. Wote hao bei zao zilikuwa nzuri, na wote aliwatolea nje. Mtu akimwambia kwenye kamati kwamba bei hiyo ni nzuri, aliuliza, "Nzuri kwa nani?" kisha akanyamaza mpaka ajibiwe.

Wengi hudhani kwamba kununua kwa niaba ya taasisi ni kutafuta kilicho rahisi na kutunza risiti. Sivyo. Anayenunua sana ni mtawala hata kama hajui. Neno lake moja linaingia kwenye karakana asizozijua, linawapangia watu asiowaona wale nini, wakae wapi, wapumzike lini. Mama Hotpoti alilijua hilo, na ndiyo sababu hakuwa mtu wa kuchekacheka kazini. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo kuu, kimejaa sampuli: koki, vitasa, chaki, mabeseni, kila kimoja na kikaratasi chake. Kwenye kona alikuwa na kiti kimoja chenye mguu uliopasuka, alichokihifadhi kama shahidi dhidi ya aliyekileta. Mhadhiri akija kulalamika kwamba samani zinachelewa, alimkaribisha akae hapo.

Mwaka huo chuo kiliamua kushona majoho yake ya mahafali badala ya kukodi yale yaliyopauka. Kitambaa kilinunuliwa na chuo chenyewe, na yeye ndiye aliyekichagua. Alikilowesha, akakipiga pasi, akakining'iniza dirishani juani mpaka akaridhika kwamba rangi haitoki. Kisha akauandaa mkataba wa ushonaji, na kwa kuwa kitambaa kizuri huvuta macho, akaweka kifungu kikali: fundi atakayepewa kazi atalipia kila kipande kitakachopotea mikononi mwake, bila kujali kimepoteaje. Alikisoma kifungu hicho mara ya pili akaona kimekaa sawa.

Miongoni mwa walioomba kazi hiyo alikuwemo dada wa mumewe.

Wifi yake huyo alikuwa na karakana ya cherehani mtaa wa pili kutoka sokoni, na sifa zake hazikuwa za kutiwa chumvi. Pindo lake ulitazama usione sindano ilipopita. Kamati ilipokutana, Mama Hotpoti alisimama kabla karatasi hazijafunguliwa. "Mmoja wa hawa ni wifi yangu," alisema. "Mimi natoka." Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kama mgonjwa anayesubiri daktari. Nyumbani hakumwambia mtu neno. Mwenzake wa ofisini, bwana mmoja aliyependa kupiga mihuri mpaka wakamwita Bwana Muhuri, alikaa mahali pake. Kamati ikampa kazi wifi, tena kwa halali, kwa sababu hakukuwa na aliyeshona kama yeye.

Lakini hakuna aliyekwenda kuiona karakana. Bwana Muhuri alijiambia, huyu ni ndugu wa Mama Hotpoti, ameingia mle mara chungu nzima, mimi nikatafute nini? Naye Mama Hotpoti, kwa kuwa alikwisha kujitoa, aliuma ulimi wake asiulize kama wamekwenda, isije ikasemwa kwamba anachungulia mambo ya nduguye. Kila mmoja alimwachia mwenzake kwa heshima. Uadilifu wa Mama Hotpoti mwenyewe ulikuwa umeacha tundu, na hakuliona.

Alilikuta kwa sababu ya miwani. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi na wifi, alikuja kuwatembelea akaisahau mezani, na bila miwani yule mama alikuwa hawezi kutofautisha chumvi na sukari. Mama Hotpoti akasema ataipitisha karakana wakati wa mapumziko ya mchana. Akachukua na chakula chake, maana alijua atarudi ofisini saa imekwenda.

"Hodi!"

"Karibu, wifi." Wifi alikuwa mbele, kwenye chumba cha duka, akichora mikono ya majoho kwa chaki. Aliitupia jicho hotpoti. "Naona umekuja na askari wako."

"Nimeleta miwani ya mama. Askari ni wa njaa yangu."

"Afadhali. Nikadhani nakaguliwa."

"Wewe sikukagui. Unajua nilijitoa."

"Ulijitoa mpaka kwenye salamu, wifi. Tangu nipate kazi yenu hujanyanyua hata simu. Mama anauliza kama mmehama mji."

Mama Hotpoti alitaka kujibu, lakini nyuma ya ukuta, kule cherehani zilikokuwa zikivuma, mlango uligongwa. "Mama! Choo, mama!"

Wifi aliweka chaki chini, akaingiza vidole shingoni, akavuta uzi. Kwenye uzi kulikuwa na ufunguo. Alifungua kufuli, mwanamke mmoja akatoka akikimbia kuelekea uani, na wifi akasimama pale pale mlangoni mpaka yule mwanamke akarudi, akaingia, na kufuli likabanwa tena.

"Umewafungia?"

"Nimefunga kitambaa," wifi alisema, akiokota chaki yake. "Sijafunga watu."

"Kitambaa ndicho kimeomba choo?"

Wifi alimkata jicho. Mama Hotpoti hakupepesa macho. Aliinua hotpoti yake. "Nina njaa. Nifungulie nikale na wenzangu."

"Wifi, usianze."

"Nifungulie. Na ukifunga, funga kama kawaida."

Wifi alicheka kicheko kikavu, akafungua, akampisha kwa mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima, na kufuli likalia nyuma yake.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Majora ya kitambaa cheusi yalipangwa ukutani mpaka karibu na dari. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa huo huo mmoja. Cherehani zote na pasi zote zilichomekwa kwenye waya mmoja wa soketi uliolala sakafuni, katikati ya vipande vilivyokatwa. Mafundi, wote wanawake, ndio kwanza walikuwa wakifunua vyakula vyao. Alipata nafasi kwenye kigoda, akaiweka hotpoti mapajani na kuifunika kwa kanga aliyokuwa amejitanda, maana joto lilimfanya aivue.

"Shangazi, na wewe umefanya kosa gani?" aliuliza fundi mmoja mwenye sauti ya kujaza chumba. Wenzake walimwita Redio. "Jamani, huyu kaja kutumikia kifungo na chakula chake mwenyewe!"

"Nimekuja kula tu."

"Kula ungekula uraiani, shangazi. Huku ukishiba ni shida. Choo kinaombwa mapema, kama likizo."

Walicheka wote, na yeye akatabasamu. Akauliza kama wanafungiwa kila siku.

"Tangu haya majoho yaje," alisema Redio huku akitafuna. "Zamani mlango huu tuliuwekea tofali usijifunge. Bosi wetu si mtu mbaya, tusimsingizie. Akipika uji anatuletea. Shida ni hilo lichuo. Kitambaa kikipungua analipa yeye, na akilipa yeye, unajua tena, kinashuka kwetu. Kuna jora lilipungua. Liliibwa? Lilikuja pungufu? Hakuna ajuaye. Kesho yake tukakuta kufuli. Wanasema huko chuoni kuna mama mmoja ana roho ngumu kama kisigino, ndiye aliyeandika hayo masharti. Eti anatembea na..."

Mama Hotpoti alikuwa amekwisha kuondoa kanga. Hotpoti ya bluu ilikaa wazi mapajani mwake, na alikuwa akiifungua. Redio aliitazama hotpoti, akamtazama mwenyewe, akaitazama tena.

Vijiko vyote vilisimama.

"Endelea, mwanangu," alisema Mama Hotpoti. "Anatembea na nini?"

"Na Mungu, shangazi," alisema Redio.

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, mpaka mmoja akapaliwa na wali, wakampiga mgongoni. Yeye mwenyewe alicheka. Alipomaliza kula akaufunga mfuniko, akaenda akaushika ule waya wa soketi. Ulikuwa wa moto. Akaenda mlangoni akagonga.

Hakuna aliyejibu.

"Atakuwa amevuka barabara kununua uzi," alisema mmoja. "Hakawii. Au anakawia, inategemea na stori atakazozikuta."

Aligonga tena, kwa nguvu zaidi, kisha akasimama akiutazama mlango. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amekula na watu wengi, mahali pabaya na pazuri, lakini kila mara alipomaliza aliinuka akaondoka. Leo muda wa ofisi ulikuwa unapita naye yuko ndani. Nyuma yake cherehani zilianza kuvuma tena. Wenzake walikwisha kuzoea.

Wifi aliporudi na kufungua, Mama Hotpoti hakutoka upesi. Alisimama kizingitini.

"Ondoa hili kufuli."

"Leo umekuja kama nani?" wifi aliuliza kwa sauti ya chini, mafundi wasisikie, ingawa cherehani zilikwisha kunyamaza zenyewe. "Kama wifi yangu au kama chuo? Ukiwa wifi, tutazungumza. Ukiwa chuo, ulisema ulijitoa."

"Waya ule ukishika moto, hawa wanatokea wapi?"

"Na kitambaa kikitoka, mimi nalipia wapi? Hicho kifungu ni chako! Bwana wenu wa mihuri ameniambia ni mkono wako. Ungekuwa wewe, ungeacha mlango wazi?"

Alijua kwamba wifi hakusema uongo. Alikuwa amekaa kwenye chumba chake chenye madirisha mawili, akaandika sentensi moja kwa ajili ya kulinda mali ya chuo, na sentensi hiyo ilitembea mtaa wa pili kutoka sokoni ikawa kufuli.

"Kifungu ni changu, na nitakijibia," alisema mwishowe. "Kufuli ni lako."

"Ukilisema huko, umenimwagia unga. Na unga huo ndio anaoula mama yetu, usisahau."

"Sijasahau."

"Basi nenda, mtu wa Mungu," alisema wifi, akampisha atoke, akaupiga mlango wa duka nyuma yake.

Jioni mume wa Mama Hotpoti, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alisikiliza habari nzima bila kumkatiza. Hakuwa mtu wa makelele.

"Zungumza naye taratibu," alisema. "Ataliondoa. Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Ataliondoa leo. Kesho jora likipungua atalirudisha, kwa sababu kifungu kipo pale pale."

"Ni dada yangu, mama watoto. Hana mume wa kumsaidia. Wakimnyang'anya kazi, mama atakula wapi?"

"Hapa."

"Unajua mama hataki kuhama kule."

"Nikinyamaza kwa sababu ni dada yako, niliondoka kwenye kile chumba cha kamati kwa sababu gani? Nilijitoa kwenye kuchagua. Sikujitoa macho."

Mumewe alisukuma sahani kando. Hakumwambia aseme wala asiseme. Aliinuka akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaurudisha mlango wa chumba alichokuwamo. Mama Hotpoti alibaki mezani. Alimpenda wifi yake. Alipojifungua mtoto wa pili ni wifi aliyekuja kumfulia na kumkanda. Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikuwa na uwezo wa kufungua mlango wa watu waliofungiwa.

Asubuhi aliingia kwa mkuu wa kitengo, akamwomba Bwana Muhuri awepo. Akaeleza alichokiona, bila kupunguza na bila kuongeza.

"Lakini mimi nilidhani wewe unapafahamu kule," alisema Bwana Muhuri.

"Na mimi nilidhani wewe ulikwenda."

Wakatazamana. Mkuu wa kitengo akavua miwani, akajifikicha macho. "Mahafali yametukalia kooni, mama. Tukivunja mkataba, wanafunzi wavae mashuka? Na wewe ulijitoa. Kwa utaratibu, hukutakiwa hata kuwa mle."

"Nilipeleka miwani. Nimekuja kueleza nilichokiona, kama mpita njia yeyote. Kuamua ni kazi yenu. Ila mkiniuliza, msiuvunje. Mkimfukuza, watakaoumia kwanza ni wale waliofungiwa, watakosa na hiyo kazi yenyewe. Kazi isimame mpaka mlango uwe wazi na ule waya ubadilishwe. Kitambaa kikae stoo kwetu, kiwe kinatoka kidogo kidogo, mtu asipate sababu ya kukilinda kwa kufuli. Na kile kifungu kifutwe. Mwandike kwamba nilikitunga mimi."

"Hilo la mwisho si lazima liandikwe," alisema mkuu.

"Ni lazima."

Likaandikwa. Bwana Muhuri ndiye aliyetumwa karakana, na safari hii alikwenda saa ya chakula, ingawa aliona aibu kula mbele ya akina mama wengi kiasi hicho. Kazi ilisimama. Majora yakarudishwa chuoni. Kwa kuwa muda ulipotea, ilionekana wazi kwamba majoho hayatawatosha wote, na ikatangazwa kwamba wahitimu wa kozi fupi watapanda jukwaani na nguo zao za kawaida. Walilalamika, wakabandika karatasi kwenye mbao za matangazo, na baadhi ya karatasi hizo zilikuwa na mchoro wa hotpoti. Mama Hotpoti alizisoma zote akaziacha zikae. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini joho ni kitambaa, na hakuna heshima ya mtu inayopaswa kushonwa na mwenzake aliyefungiwa chumbani.

Kwa wifi hakukuwa na habari, wala simu, wala salamu kupitia kwa mama mkwe. Mumewe alikwenda peke yake kumsalimia mama yake, akarudi akaenda moja kwa moja kwenye madaftari yake.

Kisha asubuhi moja pikapu iliingia kwenye uwanja wa stoo. Wifi alishuka upande wa abiria, kilemba kimefungwa kwa hasira. Dereva akaanza kushusha majoho yaliyokunjwa vizuri kwenye mifuko. Baada ya majoho akashusha mlango. Ulikuwa mlango mzima wa mbao, pamoja na bawaba zake, na kufuli likining'inia kwenye pete.

Mtunza stoo alikuna kichwa. "Mama, mlango huu hauko kwenye oda."

"Muulize wifi yangu," alisema wifi. "Yeye ndiye aliyeuagiza."

Mama Hotpoti alikwisha kutoka nje. Hakuutazama mlango. Alivuta meza, akafungua mfuko wa kwanza, akaanza kugeuza mapindo, joho baada ya joho, kama alivyowafanyia wengine wote. Wifi alisimama mikono kiunoni. Kazi ilikuwa safi. Kwenye mfuko wa mwisho akakuta joho moja ambalo mkono wake ulikuwa umepinda, akaliweka pembeni.

"Hili linarudi."

"Hata leo?" wifi alifoka.

"Leo hasa."

"Huna dogo wewe!"

"Wanakaaje bila mlango?"

"Wanakaa na upepo. Redio anaimba kutwa nzima, barabara yote inamsikia, wateja wanakuja kuuliza kama nimefungua baa." Sauti ikashuka. "Waya nimebadilisha. Yule bwana wenu amekuja kuushika kwa vidole, akaupigia muhuri kama si waya."

"Asante, wifi."

"Usinishukuru. Jumapili usije kwa mama. Nikishapoa nitasema."

"Nitasubiri."

"Utasubiri sana." Akapanda pikapu, akampiga dereva begani waondoke. Joho lenye mkono uliopinda lilibaki mezani. Wifi hakuwa amelisahau. Alilitazama kabisa kabla ya kufunga mlango wa gari.

Mtunza stoo alikuwa bado ameushikilia ule mlango kwa mikono miwili usianguke. "Sasa huu niuandike nini, mama?"

"Andika ni wetu."

"Wa chuo?"

"Wa chuo. Uingize ndani."

Mama Hotpoti alitia sahihi majoho yaliyo sawa. Kisha akalikunja lile moja, akaliweka kwapani, akamwambia Bwana Muhuri amshikie simu, na akatoka getini kwa miguu kuelekea karakana, maana kazi isiyo sawa inarudi kwa aliyeifanya, awe na hasira asiwe nayo.